Matundu ya Simu na Televisheni Kwenye Kisanduku cha Faiba

Ukiishi Amalemba, Milimani, Kefinco au Lurambi hapa Kakamega, huenda fundi wa faiba amekwisha kufika kwako. Alitoboa ukuta, akapitisha waya mwembamba, akatundika kisanduku cheupe karibu na televisheni, akakuandikia nywila ya waifai kwenye kikaratasi na kwenda zake. Sasa watoto wanasoma na mpira unatazamwa. Lakini hebu geuza kisanduku hicho utazame mgongo wake. Utakuta matundu manne yaliyoandikwa LAN, na hayo unayajua. Kando yake kuna tundu dogo zaidi, pengine mawili, yameandikwa TEL, PHONE au POTS. Na katika baadhi ya visanduku kuna kichwa cha chuma chenye nyuzi za kukazia, sawasawa na kile kilicho nyuma ya king'amuzi chako, kimeandikwa CATV au RF. Kuhusu hayo fundi hakukwambia lolote, nawe hukuuliza.

Baadaye maswali huanza. Je, nikichomeka ile simu ya mezani ya mzee italia? Je, nikifunga waya wa televisheni hapo nitapata chaneli bila kulipia king'amuzi? Je, ule waya wa antena ulioko paani nikiuleta hapa picha itakuwa safi zaidi? Kwa nyumba nyingi za Kakamega majibu ni hapana, hapana, na hapana kabisa. Ila kila hapana ina sababu yake, na anayezijua sababu hizo hataliwa pesa na mtu anayemuuzia tundu, wala hatakiunguza kisanduku ambacho si mali yake.

Tuanze na kisanduku chenyewe. Ndani ya ule waya mwembamba mna uzi wa kioo, na katika kioo hicho hupita mwanga, si umeme. Mwanga huo hutoka kwenye mitambo ya kampuni, ambayo kwa mfumo uliozoeleka unaoitwa GPON inaweza kuwa umbali wa kilomita 20. Njiani uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, kwa kigawanyi kilichofungwa juu ya nguzo ambacho hakihitaji umeme wowote. Kazi ya kisanduku chako ni kuugeuza mwanga huo uwe umeme ambao kompyuta, simu na televisheni zinaweza kuuelewa. Ndani ya uzi huo mmoja hupita mianga kadhaa bila kugongana: wa nanomita 1490 hukuletea data, wa nanomita 1310 huirudisha, na wa nanomita 1550 umetengewa televisheni. Huo wa tatu ukumbuke, kwa sababu ndio unaoamua hatima ya lile tundu la chuma.

Sasa, kwa nini kampuni ikuletee kisanduku chenye matundu ambayo haiyatumii? Ni kwa sababu viwanda haviviundi visanduku hivi kwa ajili ya Kakamega peke yake. Huawei HG8245H, ambacho kimesambaa duniani kote, kina matundu manne ya LAN na mawili ya simu. Ndugu yake HG8247H kinafanana nacho, ila kimeongezewa tundu la televisheni. Zipo nchi ambazo kampuni moja huuza simu, televisheni na intaneti kwa pamoja kupitia uzi uleule. Verizon ya Marekani ilipoanza kuuza televisheni ya FiOS mwaka 2005, picha zilisafiri kwa mwanga wake wa pekee hadi kwenye kisanduku, zikatokea tundu la koaksi na kuingia katika nyaya za televisheni zilizokuwamo nyumbani tangu zamani. Hapa kwetu Zuku nayo iliwahi kuwauzia watu wa Nairobi vyote vitatu katika kifurushi kimoja. Kwa hiyo hayo matundu si mapambo. Yana kazi yake, mahali ambapo kampuni imeamua kuifanya.

Magharibi mwa Kenya faiba ilikuta wageni wengine wamekwisha kukaa. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilitia nanga Mombasa mwaka 2009, na mkongo wa taifa, NOFBI, ukaendelea kusukumwa bara hadi makao makuu ya kaunti. Lakini M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007, na simu ya mkononi imekuwa ndiyo simu ya kila mtu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wasiozidi milioni 48, ilhali laini za simu zilizosajiliwa zimepita milioni 60. Televisheni nayo ilihama kutoka analogi mwaka 2015, na kila nyumba ikalazimika kununua king'amuzi au televisheni inayopokea mawimbi ya kidijitali. Faiba ilipobisha hodi Kakamega, ilikuta simu iko mfukoni na televisheni iko kwenye king'amuzi. Kilichokosekana ni intaneti ya kasi, na hicho ndicho kampuni nyingi zinachouza. Ndiyo maana matundu yale yamelala.

Fikiria simu yako ya laini mbili. Kuwa na nafasi ya pili hakukupi nambari ya pili mpaka uende kwa wakala ukasajili laini. Tundu la TEL liko hivyohivyo. Ndani ya kisanduku mna chipu ya kugeuza sauti iwe data, lakini chipu hiyo inahitaji kupewa akaunti: jina, nywila, na anwani ya mtambo wa kampuni utakaoipokea. Hayo huwekwa na kampuni kutoka kwake, wala si fundi wa mtaani. Bila hayo, ukiinua mkono wa simu utasikia kimya, au mlio wa kukatikakatika kama wa laini inayotumika. Katika visanduku vingi taa ya TEL iliyo mbele itakwambia mapema. Ikiwaka bila kupepesa, tundu limesajiliwa. Ikiwa imezimika, usipoteze muda kubadilisha simu wala kununua waya mpya, kwa sababu tatizo haliko nyumbani kwako.

Kama kampuni yako inatoa huduma ya simu na unaitaka, yapo mambo matatu ya kuyatia akilini kabla hujalipa.

La kwanza ni umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Wazee wetu waliokuwa na simu ya Posta, kabla Shirika la Posta na Simu halijagawanywa mwaka 1999 na Telkom Kenya kuzaliwa, watakumbuka kwamba stima ilipopotea simu iliendelea kulia. Waya wa shaba ulileta sauti pamoja na umeme wake, takriban volti 48, kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Kioo hakileti umeme. Stima ikipotea Shirere au Maraba, kisanduku kinazimika, na simu iliyochomekwa humo inakufa papo hapo. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, au mzee anayekaa peke yake, usiifanye simu hiyo kuwa njia yake pekee ya kupiga 999 au 112. Awe na simu ya mkononi iliyochajiwa, nambari zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa ukutani.

Dawa ya sehemu ya tatizo hilo ipo, na si ghali: UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba, ile inayotoa volti 12 moja kwa moja. Kabla ya kuinunua, soma maandishi yaliyo kwenye adapta ya kisanduku chako. Vingi hutumia volti 12, lakini ampea hutofautiana: kuna vya 1, vya 1.5 na vya 2. UPS iwe na volti zilezile, na ampea zisiwe pungufu. Hakikisha pia kwamba pini yake inaingia bila kulegea na kwamba chanya na hasi ziko upande uleule. Wenye sola nyumbani hushawishika kuunga kisanduku kwenye betri moja kwa moja kwa kuwa nayo imeandikwa volti 12. Usifanye hivyo. Betri ya gari au ya sola ikichajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14, na kisanduku hakikuundwa kustahimili hayo. Tafuta kidhibiti kinachotoa volti 12 kamili.

Ukishafanya hivyo utapata faida ambayo wengi hawaijui. Kwa kuwa vigawanyi vya juu ya nguzo havitumii umeme, faiba yako inaweza kuendelea kufanya kazi mtaa mzima ukiwa gizani, mradi mitambo ya kampuni ina betri au jenereta. Hii haimsaidii mpangaji ambaye intaneti yake inagawanywa na kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye ngazi za jengo. Huyo amwombe mwenye nyumba akiwekee kifaa hicho UPS pia.

Jambo la pili ni nyaya za zamani. Nyumba nyingi za Milimani, hasa zile zilizojengwa kwa ajili ya maofisa wakati Kakamega ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, zina soketi za simu ukutani. Inavutia kuchukua waya kutoka tundu la TEL na kuuingiza kwenye soketi mojawapo ili simu ilie sebuleni na chumbani pia. Inawezekana, ila kwanza hakikisha waya wa nje umekatwa kabisa pale unapoingia nyumbani. Usidhani kwamba umekufa kwa sababu tu hujasikia mlio miaka mingi. Wizi wa shaba uliua laini nyingi nchini, lakini kipande kilichobaki kinaning'inia kati ya nguzo, na kinaweza kuleta umeme usiotarajiwa, hata ule wa radi, mpaka ndani ya kisanduku. Mwite fundi akitenganishe, afunge ncha zake, ndipo uendelee. Usining'inize simu kumi kwenye tundu moja pia. Tundu hilo lina nguvu ya kuitisha simu chache tu. Ukizidisha, zitaita kwa sauti dhaifu au zisiite kabisa.

La tatu ni dogo, lakini limeharibu vifaa. Kichwa cha waya wa simu ni chembamba kuliko cha waya wa kompyuta, kwa hiyo kinaingia bila shida katika tundu la LAN. Kinaingia, lakini si mahali pake, na plastiki yake hubonyeza pini za pembeni zikapinda. Siku utakapochomeka waya wa kompyuta hapo, pini hizo hazitagusana vizuri tena. Kwa upande wa pili, simu inapoitwa tundu la TEL hutoa umeme wa volti nyingi zaidi ya zile za LAN, kwa hiyo usiunde waya wa kienyeji wa kutoka TEL kwenda kwenye kompyuta. Soma maandishi, kisha chomeka.

Sasa niseme wazi ninavyoona mimi: kwa nyumba ya kawaida, simu ya faiba haina haja. Kama unamtafutia nyanya simu kubwa ya mezani yenye vitufe vya kuonekana, nunua ile inayotumia laini ya kawaida ya simu ya mkononi. Ina betri yake, unaweza kuitumia hata akirudi kijijini Khayega, na haitegemei kisanduku cha mtu. Tundu la TEL lina maana kwa zahanati, shule, hoteli au ofisi ya wakili inayotaka nambari isiyohama na mfanyakazi. Hao waulize kampuni swali la ziada: tukiondoka kwenu, nambari hii tutaondoka nayo? Na kama kisanduku kina matundu mawili ya simu, wajue kwamba kila moja linahitaji akaunti yake. Hayawi simu ya ndani ya kuitana kati ya mapokezi na jikoni kwa sababu tu yako pamoja.

Nije kwenye tundu la televisheni, ambalo ndilo linaloleta hasara kubwa zaidi.

Tundu la CATV ni la kutolea, si la kuingizia. Hilo likieleweka, mengine yote hufuata. Ndani yake kuna kipokezi kinachosubiri ule mwanga wa nanomita 1550. Kikiupata, hukigeuza kile kilichobebwa kuwa mawimbi ya televisheni na kuyasukuma nje kwenye waya wa koaksi. Kampuni isipoutuma mwanga huo, hakuna cha kugeuza. Kuutuma si jambo la kubofya kitufe: kampuni inahitaji mitambo ya kukusanya chaneli, vikuza mwanga, haki za kurusha vipindi, na mwanga wenye nguvu kuliko ule unaotosha data. Kipokezi cha data kinaweza kusoma mwanga hafifu sana. Cha televisheni kinataka mwanga mkali, la sivyo picha huvunjika. Kwa hiyo hata mahali ambapo huduma ipo, nyumba ya mwisho kwenye mstari inaweza kuwa na intaneti safi na televisheni isiyoonekana. Taa ya CATV ikiwa imezimika wakati wote, jibu umeshalipata.

Tuseme basi kwamba huduma ipo. Bado kuna kizingiti ambacho muuzaji hatakutajia. Ving'amuzi tulivyonunua wakati wa kuhama analogi, pamoja na televisheni zetu za kidijitali, vinasoma mfumo wa DVB-T2, ambao Kenya iliuchagua kwa matangazo ya angani. Televisheni ya kebo kwa kawaida hutumia mfumo mwingine, DVB-C. King'amuzi kisicho na DVB-C hakitapata chaneli hata moja kutoka tundu la CATV, hata ukikitafutisha mara mia. Kabla ya kununua chochote, ingia kwenye menyu ya televisheni yako, mahali pa kutafutia chaneli, utazame kama kuna chaguo la kebo kando ya lile la antena. Kama halipo, huduma hiyo itakuhitaji ununue kifaa kingine.

Sasa yale ya hatari. Kosa la kwanza ni la mtu anayeteremsha waya wa antena kutoka paani na kuukaza kwenye tundu la CATV, akitumaini kisanduku kitaitia chaneli kwenye waifai ili azione kwenye simu. Kisanduku hakina uwezo huo. Umefunga antena kwenye tundu la kutolea, na antena yako haina kazi tena. Kosa la pili ni kuchukua waya kutoka king'amuzi cha dishi na kuuleta kwenye CATV. King'amuzi cha dishi hutuma umeme wa volti 13 au 18 juu ya waya uleule ili kuendesha kile kichwa cha dishi. Vingine vya antena hutuma volti 5 kwa ajili ya kikuza mawimbi. Umeme huo ukiingia kwenye tundu ambalo halikuutarajia, kipokezi kinaweza kuungua, na pengine kisanduku kizima. Kampuni itakuuliza uliunga nini, nawe utalipa kifaa kipya.

Lakini sababu kubwa ya kutounga antena ya paani kwenye kisanduku ni radi. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha alasiri zikiwa na ngurumo. Anayeishi karibu na msitu hahitaji kuelezwa. Uzuri mmoja wa faiba ni kwamba kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikipiga nguzo, uzi wa kioo hauwezi kuileta nyumbani. Ukiunga antena ya chuma iliyosimama juu ya mabati kwenye kisanduku hicho, usalama huo umeutupa. Kutoka kwenye kisanduku radi itafuata nyaya za LAN hadi kompyuta, na waya wa simu hadi sikioni mwa anayezungumza. Radi inaweza kuleta madhara hata isipopiga antena yenyewe: ikipiga mti wa jirani inatosha kuamsha umeme mkali katika waya mrefu.

Katika hilihili, tazama jinsi fundi alivyouleta waya wa faiba. Waya mwingi wa kutoka kwenye nguzo una kamba ya chuma pembeni ya kuubeba. Kamba hiyo inapaswa kuishia nje, kwenye kishikio kilicho ukutani, na kipande kinachoingia ndani kiwe bila chuma hicho. Ukiona ile kamba nene imeingizwa hadi sebuleni, mwambie fundi airekebishe. Wingu likijikusanya upande wa Shinyalu, chomoa adapta kwenye soketi ya stima. Adapta ndiyo mlango ambao radi huutumia zaidi, kupitia nyaya za umeme. Uzi wa faiba wenyewe uache mahali pake. Ukiuchomoa na kuurudisha mara kwa mara, vumbi litaingia kwenye ncha na mwanga utapungua. Na ukiuchomoa usichungulie ndani yake: mwanga ule hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Ncha hiyo mara nyingi ni ya kijani. Rangi hiyo ina maana: kioo chake kimekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8 ili mwanga usirudi ulikotoka, jambo ambalo televisheni ya mwanga inaliogopa sana. Ya buluu imekatwa wima. Usikubali mtu akuungie buluu na kijani eti zinaingiana. Zinaingia, lakini hazigusani sawasawa, na intaneti yako itakuwa ya kukatikakatika.

Basi televisheni kupitia faiba inapatikanaje Kakamega? Kwa njia ya data. Unaweza kutazama kwa programu iliyo kwenye televisheni yenyewe, ikiwa ni ile ya kisasa, au kwa kijisanduku cha Android kilichochomekwa kwenye HDMI. Hapa ushauri wangu ni mmoja: kama televisheni iko karibu na kisanduku, tumia waya wa LAN, usitumie waifai. Mechi ya Kakamega Homeboyz haitakwama kila wapangaji wa chumba cha pili wanapopakua kitu. Ikiwa kampuni yako inauza televisheni yake kwa kijisanduku maalumu, uliza imekitengea tundu lipi. Mara nyingi huwa ni moja la LAN, la mwisho, ambalo limefungiwa televisheni peke yake. Ukichomeka kompyuta hapo haitapata intaneti, nawe utadhani tundu limekufa. Na chaneli za bure za KBC, Citizen, KTN na NTV ziache kwenye antena yako. Zinafika bila bando, na zinaendelea hata faiba inapokatwa na trekta barabarani.

Neno kwa wenye nyumba za kupanga, hasa mnaojenga karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Msitandaze waya wa koaksi kwenda kila chumba mkitarajia kwamba siku moja tundu la CATV litalisha jengo lote. Tandazeni waya wa LAN wa Cat6, na bomba tupu la kupitishia faiba baadaye. Kama jengo lina antena moja ya pamoja, iacheni na mfumo wake, isikutane na kisanduku cha faiba mahali popote. Kuchukua kifurushi cha televisheni cha mtu mmoja na kukigawia wapangaji ishirini kwa malipo ni jambo la leseni na hakimiliki, linaloangaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano na Bodi ya Hakimiliki. Si jambo la kufanywa kimyakimya.

Kuna pia biashara ya visanduku vilivyotumika, vinavyouzwa madukani na mitandaoni kwa maneno matamu: kina simu, kina televisheni, kina antena nne. Kisanduku cha faiba hakifanani na rauta ya kawaida. Mtambo wa kampuni hukitambua kwa nambari yake ya usajili, na kisipokuwa kwenye orodha yake hukikataa. Utakibeba nyumbani, utachomeka uzi, taa ya PON, ile ya faiba, itapepesa bila kutulia, basi. Kingine huenda bado ni mali ya kampuni nyingine, kilichukuliwa na mpangaji aliyehama. Ukitaka kisanduku chenye matundu zaidi, iombe kampuni yako. Ukitaka waifai ya nguvu zaidi, nunua rauta ya kawaida na uiunge kwenye tundu la LAN, huku kisanduku cha kampuni kikibaki kilipo.

Siku ya kufungiwa, mzuie fundi dakika tano kabla hajafunga begi lake. Mwambie akuonyeshe ni matundu yapi yamewashwa, na uyaandike kwa kalamu kwenye kibandiko. Akupimie nguvu ya mwanga na akuandikie. Kwa mfumo wa kawaida kipimo kilicho kati ya dBm -8 na -27 ndicho kinachosomeka, lakini kikikaribia -27 siku ya kwanza kabisa, mwombe aangalie viungo vyake, kwa sababu mvua na miaka vitakishusha zaidi. Kipimo hicho ukihifadhi, siku intaneti itakapozorota utakuwa na cha kulinganisha. Kama umeambiwa kifurushi chako kina simu au televisheni, yajaribu hapohapo, yeye akiwapo, na uombe ujumbe ulioandikwa unaotaja huduma hizo kwa majina. Ahadi ya mdomo ya wakala aliyekupata njiani pale Muliro Gardens haitakusaidia utakapopiga huduma kwa wateja.

Matundu yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vya mpira vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta. Kisanduku huwa na joto la wastani mchana na usiku, na mende na sisimizi hulipenda joto hilo, hasa miezi ya mvua. Wakiingia kupitia tundu la simu hutaga mayai juu ya ubao wa umeme, na unyevu wao hula shaba. Kama hupati vifuniko, utepe wa umeme unatosha, mradi usizibe yale matobo madogo ya pembeni na ya juu ambayo kisanduku hupumulia.